Marufuku Kucheka Mpaka Nyuzi Zitolewe

Daktari alipomruhusu Fundi kurudi nyumbani baada ya kumtoa kidole tumbo, alimpa masharti yake: asinyanyue ndoo, asikanyage cherehani, asiiname kwa pupa, na mpaka nyuzi zitolewe, ajitahidi sana asikohoe wala asicheke.

"Ukishindwa kabisa," daktari alisema, "kumbatia mto tumboni, ubane."

"Asicheke?" mumewe akauliza. "Huyu?"

Fundi akacheka pale pale, na pale pale akakiona cha mtema kuni. Alishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikamfa ganzi.

Mume alikuwa na haki ya kushangaa. Fundi alishonea nguo za kike katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na kulikuwa na wateja waliokuja kupunguza viuno vya magauni yasiyohitaji kupunguzwa, ilimradi wakae kwenye benchi lake wapige soga. Alicheka akipima, alicheka akikata, alicheka na pini mdomoni, jambo ambalo lilimweka mumewe roho juu tangu walipooana.

Sasa mume huyo alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na safari yake ilikwisha pangwa. Mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Mtu pekee aliyeweza kupata likizo ya haraka akaja kumwangalia alikuwa dada mkubwa wa mume.

"Nukta?" Fundi aliuliza, na safari hii hakuwa na hamu yoyote ya kucheka.

"Ni dada yangu," mume alisema. "Na anakupenda, ila haonyeshi."

Nukta lilikuwa jina la utani alilopewa na ndugu zake tangu utotoni, kwa sababu akishasema neno, limekwisha. Baadaye akaajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi yake kusoma vitabu kabla havijachapwa na kuwinda makosa, na jina likamkaa kama nguo ya kupimiwa. Kabla ya harusi ya Fundi, alipoonyeshwa kadi ya mwaliko, aliisoma, akatoa kalamu, akaongeza herufi moja iliyosahauliwa, akairudisha bila kusema hongera. Tangu hapo Fundi alimwogopa. Kila wifi alipokuja kuwatembelea, alijikuta anapanga maneno kichwani kabla ya kuyasema, kama mtoto anayeitwa ubaoni.

Nukta aliwasili na begi moja na kompyuta yake ndogo, akavua viatu, akanawa mikono, akaingia jikoni. Kabla ya mchana mashuka yalikuwa yameanikwa, uji umepoa kiasi cha kunyweka, na vibweta vya nyuzi za cherehani vimepangwa kwa rangi. Fundi alilala kwenye kochi akitazama dari, akiona aibu ya kuhudumiwa na mtu anayemwogopa.

"Wifi," Nukta alisema alipomaliza, "unataka kufanya nini siku nzima?"

"Huwa natazama filamu za kuchekesha," Fundi alijibu. "Lakini ndiyo hivyo, nimekatazwa."

Nukta alifikiri. Kisha akatoa kwenye begi karatasi zilizokatwa kutoka kwenye jarida, zimebanwa kwa pini, kingo zake zimechakaa kwa kushikwashikwa. Ilikuwa orodha ya filamu mia bora za kuchekesha za wakati wote, kama zilivyochaguliwa na jopo la wataalamu. Baadhi ya majina yalikuwa na alama ndogo ya penseli pembeni.

"Hizi zenye alama nimeshazitazama," Nukta alisema. "Nadhani zitakufaa. Tuanze na namba moja."

Fundi akaukumbatia mto, tayari kwa lolote. Namba moja ilikuwa filamu ya zamani isiyo na rangi, inayohusu makarani wawili wanaogombania kiti kimoja ofisini. Waligombania kwa adabu. Walikigombania mpaka jioni. Mwishoni, kiti kikachukuliwa na karani wa tatu, muziki ukapigwa. Fundi akasubiri. Tumbo lake lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

"Na hiyo ndiyo namba moja? Ya dunia nzima?"

"Wanasema ina kejeli ya hali ya juu," Nukta alisema, uso mkavu.

Namba mbili ilikuwa ya watu wanaokula chakula cha jioni na kuzungumza kwa lugha ya mbali, maandishi yakikimbia chini ya picha. Namba tatu Fundi aliilalia usingizi mtamu ajabu, wa kwanza tangu upasuaji. Kesho yake walizitazama nyingine, na keshokutwa nyingine, na nyuzi zake hazikustuka hata mara moja.

"Wifi, orodha hii ingebandikwa wodini," alisema siku moja, ulimi ukiwa umeanza kumzoea mgeni. "Daktari angefurahi sana. Hakuna mshono utakaofumuka."

Alitegemea angalau tabasamu. Nukta aliziweka karatasi mapajani, akazinyoosha kwa kiganja.

Fundi akaona afadhali amsimulie filamu anayoipenda yeye. Alikuwa ameitazama mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuigiza sehemu za watu wote. Ilihusu dereva wa gari la maiti anayepotea njia na kufika kwenye nyumba yenye harusi. Watu wa harusi wanadhani ndilo gari la bibi harusi lililochelewa. Wanalipamba kwa maua na riboni, wanampakia bibi harusi na wapambe wake, na dereva, ambaye ni mwoga wa kukatalia watu, anaondoa gari. Wakati huo huo lile gari la harusi, na bendi yake juu, liko msibani.

Alisimulia polepole, mto tumboni, akiruka zile sehemu alizojua zingemuumiza. Alipofika mahali ambapo bendi inapokelewa na wafiwa alilazimika kunyamaza na kufumba macho.

"Picha yenyewe mbovu," alisema alipopata pumzi. "Sauti inakwaruza, na kuna mahali kivuli cha mpiga picha kinaonekana ukutani. Lakini, wifi, utavunjika mbavu."

Nukta alifunua karatasi zake, akapitisha kidole kuanzia juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa.

"Haimo," alisema.

"Haimo wapi?"

"Kwenye orodha. Haimo."

Fundi alihisi kama amempikia mtu chakula na mtu huyo kaomba kwanza aone cheti cha mpishi. Woga wote ukamtoka.

"Na hao wataalamu wako walicheka lini mara ya mwisho? Kuna aliyewauliza? Mimi nimekaa nawe siku zote hizi, wifi, na sijakuona ukitikisika hata bega. Unatazama filamu za kuchekesha kama mtu anayehakiki bili ya maji."

Nukta alikunja karatasi zake. "Nakwenda kuchemsha maziwa," alisema, akaenda jikoni, na huko akakaa muda mrefu kuliko maziwa yoyote yanavyohitaji. Fundi alibaki na mto wake, hasira ikipungua na majuto yakiongezeka.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na sauti. Kwanza alidhani ni pampu ya maji iliyovuta hewa, kwa jinsi ilivyokoroma. Kisha ikafuatia mluzi mwembamba, wa juu, kama birika linalochemka, halafu mkoromo tena. Ilitoka jikoni. Fundi akainuka kwa uangalifu, akashika ukuta, akaenda taratibu mpaka mlangoni.

Nukta alikuwa amesimama mbele ya meza, kisu mkononi, kabichi nusu imekatwa. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kwenye kioo, bendi ilikuwa inateremka kwenye gari la harusi, ikipiga tarumbeta katikati ya wafiwa. Machozi yalimtiririka Nukta mpaka shingoni. Alivuta pumzi, akakoroma, akapiga ule mluzi, akagonga meza kwa mpini wa kisu.

Halafu akageuka, akamwona wifi yake. Kisu kikaanguka. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kama mtu aliyekutwa akiiba.

Lakini mluzi haukuzibika. Ulipenya kati ya vidole.

Hapo ndipo Fundi aliposhindwa. Mto aliuacha kochini. Alitafuta cha kukumbatia, akaiona ile nusu ya kabichi, akaikandamiza tumboni na kuangua kicheko ambacho kilimuuma kuanzia kitovuni hadi masikioni. Akawa analia kwa uchungu na kucheka kwa wakati mmoja. "Acha, wifi, naomba uache, utaniua," akasema, na Nukta akajibu, "Nimeacha! Nimeacha!" kisha akakoroma tena.

Walipotulia, Fundi aliangalia gauni lake. Palikuwa na doa dogo jekundu.

Hospitalini, daktari aliinama juu ya kidonda kwa muda, akibonyezabonyeza kandokando. Muuguzi alishika bakuli la pamba. Nukta alisimama pembeni wima, begi mkononi, rangi imemtoka.

"Umenyanyua kitu?" daktari aliuliza.

"Hapana," Fundi alijibu.

"Umekohoa?"

"Amecheka," Nukta akasema. "Kosa ni langu. Niliacha filamu ikiendelea."

"Filamu gani hiyo?"

Na Nukta, kwa kuwa alikuwa ameulizwa swali na alikuwa mtu wa kujibu maswali, akaieleza filamu nzima. Aliieleza kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani, kwa mpangilio, bila kuruka kitu: dereva, njia aliyopotea, riboni, woga wake wa kukatalia watu, bendi. Muuguzi aliweka bakuli chini ili lisimwagike. Daktari aliendelea kukiinamia kidonda bila kuinua kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Fundi, ambaye tumbo lake lilikuwa mikononi mwa mtu huyo, alimwomba kwa upole akacheke nje kwanza.

Nyuzi hazikuwa zimekatika. Ngozi ilichanika kidogo mwishoni mwa mshono, ikabandikwa plasta, wakaambiwa wapumzike kwenye benchi la nje kabla ya kuondoka.

Walikaa. Watu walipita na mafaili yao. Nukta alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa begi.

"Unaona kwa nini sicheki," alisema.

"Sioni," Fundi alisema.

"Umesikia sauti yenyewe. Yule bwana aliyekuwa mume wangu, tulikwenda sinema siku moja, tukiwa bado wapya. Nilicheka. Watu wakageuka. Yeye akainuka, akaenda kukaa safu ya mbele, peke yake, kama hanijui. Filamu ilipokwisha akaniambia nisirudie." Alivuta pumzi. "Sikurudia. Hata alipoondoka sikurudia. Nikaanza na hizi orodha. Nilijiambia, kama wataalamu wamekubaliana kwamba kitu kinachekesha, basi nikicheka hakuna atakayenishangaa."

"Ukacheka?"

"Sikucheka hata kidogo."

Fundi alitaka kusema jambo la kumkejeli yule bwana, na alikuwa nalo tayari, la moto. Lakini alimwona wifi yake anavyotazama sakafu, akaliacha. Akamshika mkono.

"Usiitukane orodha, lakini," Nukta aliendelea, na sauti yake ya kawaida ikaanza kurudi. "Najua unaiona upuuzi. Mimi nilikaa miaka kwenye nyumba yangu na sikuwa na mtu wa kuniambia, tazama hii, utaipenda. Karatasi zile ziliniambia. Hata zilipokosea, nilikuwa na wa kubishana naye. Nilitembea nazo nyumba nzima nikisema, hapana, hii kuwa ya tisa ni wizi. Na zipo zilizoko huko chini kabisa, ambazo nisingezijua mpaka nakufa. Kuna moja ya mjane."

"Mjane gani tena?"

"Anauza viatu vya marehemu mumewe. Anauza kimoja kimoja, ili wanunuzi warudi kumtembelea. Sikucheka kwa sauti. Lakini niliitazama mara tatu mfululizo, na sikujua nimwambie nani."

"Na ulinianzisha na makarani wa kiti!" Fundi akasema. "Wifi, kwa nini hukunipa mjane siku ile ile?"

Nukta alifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Hukuwa umeniuliza ninayoipenda mimi," alisema. "Na mimi nilikuwa naogopa kwamba hutaipenda."

Walimtazama mjane mchana huo huo, mto ukiwa mahali pake. Fundi hakuvunjika mbavu. Alitabasamu mwanzo hadi mwisho, na pale wanunuzi wawili wa jozi moja wanapokutana sebuleni kwa mjane, kila mmoja na kiatu chake mguuni, alifuta macho kwa ncha ya mto. Aliomba waitazame tena. Baada ya hapo waliisoma orodha kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa Fundi alishikilia kwamba wataalamu walificha vitamu mwishoni, na Nukta alibisha, wakabishana juu ya meza ya chakula, juu ya beseni la nguo, na mbele ya wateja waliokuja kuulizia magauni yao. Kila mteja aliulizwa filamu inayomvunja mbavu, na Nukta aliandika majina kwenye nafasi nyeupe za karatasi zake, kwa penseli, akirekebisha tahajia.

Nyuzi zilitolewa. Siku mume aliporudi safari, dada yake alikuwa bado hajaondoka, ingawa likizo yake ilikuwa inafikia mwisho. Mlango ulikuwa wazi. Mume alisimama kizingitini na begi lake la safari begani, akisikiliza mkoromo na mluzi kutoka sebuleni, na kicheko cha mkewe kikivifuata kwa nyuma. Hakuingia mara moja. Baadaye alimwambia Fundi kwamba mara ya mwisho aliisikia sauti ile walipokuwa watoto, wakilala chumba kimoja, na mama yao akiwagongea ukuta wanyamaze.

"Mnatazama nini?" aliuliza hatimaye.

Wote wawili waligeuka. Nukta alipeleka mkono mdomoni, kisha akauteremsha.

"Njoo ukae," alimwambia mdogo wake. "Tunairudisha mwanzo."

"Ngoja nioge kwanza, dada. Nina vumbi la siku nzima."

"Utaoga baadaye," Nukta alisema, akasogea kochini kumpisha, na kwa kuwa ni yeye aliyesema, likawa limekwisha.