Mkono wa Isko na Kosa la Kiuno

Mkono wa kulia wa Isko ulifika nyumbani wakati mkewe, Crising, anamimina kahawa juu ya wali. Ulipanda ngazi ya jikoni kwa vidole, ukasimama mlangoni kujifuta vumbi kwenye gunia, kama Isko alivyozoea kujifuta miguu. Ulikuwa umeshika kisu chake cha balisong, kimefungwa, mipini miwili ya pembe imeyakumbatia makali katikati. Crising akamfukuza paka mezani ili mkono upate nafasi.

"Umekula?" akauliza, maana kule Batangas ndiyo salamu, hata kwa asiye na mdomo.

Mkono ukabana mpini mmoja na kuuachia wa pili uanguke. Kisu kikafunguka kwa mlio wake wa siku zote, mkavu, kama kijiti kinachovunjika. Ukapasua samaki waliokuwa kwenye beseni, ukawatoa matumbo, ukasuuza makali, ukafunga. Kisha ukashuka ngazi kuelekea ziwani, kwani nyavu za vizimba vya samaki zilichanika tangu Isko alipokamatwa na hakuna aliyezigusa.

Isko mwenyewe alikuwa mahabusu mjini. Walimkamata asubuhi, kwenye kizuizi cha polisi pale darajani, akienda kazini. Askari kijana, mgeni wa sehemu zile, alimpapasa akakuta kisu kiunoni.

"Hiki nini?"

"Kisu."

"Cha nini?"

"Cha kazi, bwana. Nakatia kamba za nyavu."

"Kazi gani hiyo inayotaka kisu cha kujikunja?"

Sasa mtu hapo aanzie wapi? Kijiji kizima kinaishi kwa visu hivyo. Chuma chake hutoka kwenye springi za magari makuukuu, pembe hutoka kwa nyati wa kulimia, na mipini ya kisu cha Isko aliichonga Crising mwenyewe, nyuma ya nyumba, chini ya bati. Mkunga anacho. Muuza peremende za karanga anacho. Padri anacho cha kukwangulia nta ya mishumaa. Kinajikunja ili kisimchome mtu akiinama, basi, hakuna siri nyingine. Isko hata hakuwahi kukirusharusha hewani kama wanavyofanya vijana mbele ya watalii. Alikuwa akisema mwenye nafasi ya kuchezea kisu hana kazi. Lakini askari aliandika silaha ya kuficha, na alivyoandika ndivyo ikawa.

Basi mkono ukazoea kuja. Wakati wa kifungua kinywa ulikuwa umeshafika, na jioni ulirudi mahabusu na kisu chake, ukakiacha kwenye kabati la vielelezo, kisha ukaenda kulala kwa mwenyewe. Askari wa zamu walijua. Asubuhi wakihesabu mahabusu, Isko aliinua mkono wa kushoto, na aliyekuwa anahesabu akasema, "Wa kulia uko kazini," akaendelea na anayefuata. Pale ulipokuwa umeunganika, kifundoni, palikuwa laini, pamefumba kama kitovu cha mtoto.

Jirani yao, Pinang, alikuja na kikombe chake kuomba kahawa, akaukuta mkono ukichonga kuni.

"Jamani Crising, una bahati wewe! Wa kwangu yuko nyumbani mzima mzima na hata ukuni mmoja hagusi. Hebu tubadilishane."

"Nimchukue na mdomo wake? Sitaki."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini Pinang alipoondoka, Crising alibaki ameshika ufagio hafagii, anausikiliza mkono. Haukuwa na utulivu. Ukimaliza kuni unakwenda kwenye majani ya migomba. Ukimaliza majani unatembea juu ya meza, huku na huku, ukifungua na kufunga kisu, tak, tak, mpaka maini yanamuuma mtu. Ukiukalisha chini unanyanyuka. Crising naye akaambukizwa. Alianza kuchonga mpini akauacha, akabandika maji akayasahau, akatoka mpaka njiani kutazama upande wa daraja, akarudi, akatoka tena.

Sababu ilikuwa harusi. Binti yao Ikit alikuwa anaolewa, kanisa lilishapangwa, nguruwe alishanunuliwa. Na kule, binti hatoki nyumbani kwenda kanisani kabla hajashika mkono wa kulia wa baba yake, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Hiyo ndiyo baraka.

"Si mkono upo?" Pinang aliwahi kusema.

"Mkono naupenda," Ikit akajibu, machozi yamemjaa machoni. "Lakini mimi namtaka baba mzima, Shangazi. Mkono utanipeleka kanisani kwa kutembea na vidole?"

Hapo ndipo Crising alipofanya kosa ambalo mtu yeyote wa kule angelifanya. Alivaa gauni lake la misa, akaenda kituoni kumwomba mkuu wa polisi, Kapteni Buenaflor, awe msimamizi wa ndoa. Alijiambia mtu akishakuwa msimamizi ni ndugu, na ndugu hawezi kumwacha ndugu ndani.

Kapteni alifurahi kweli, si kwa kujifanya. Nyuma ya kiti chake zilitundikwa balisong za kila namna, za shaba na za pembe, nyingine Crising alizifahamu maana zilitoka chini ya bati lake. Kapteni alikuwa akizinunua kuwapa wageni wake wakubwa, ndani ya visanduku vya mahameli.

"Ni heshima kwangu, kumare," akasema. Hivyo ndivyo wasimamizi wanavyomwita mama wa mtoto, na Crising alipolisikia neno hilo moyo ulimtua. "Na zawadi usihangaike. Kisu kimoja tu, chenye mpini mzuri."

"Na Isko, kumpare?" akauliza, maana msimamizi naye huitwa hivyo.

"Ah, Isko ni wetu! Lakini sheria ni sheria, kumare. Hilo ni la mahakama. Mahakama ikimwachia hata leo, mimi mwenyewe nitamleta na gari langu."

Mahakama ilikuwa imeahirisha kesi mara nyingi, na sababu ilikuwa moja. Kila ikitajwa, kabati la vielelezo lilifunguliwa likakutwa tupu.

"Kisu kiko wapi?" hakimu aliuliza.

"Kazini, mheshimiwa," karani alijibu.

Na bila kisu hakuna kesi, na bila kesi hakuna kuachiwa. Crising aliyajua hayo na alikuwa ameyanyamazia. Kisu kikienda mahakamani kinaweza kufungiwa huko, na mkono pamoja nacho, halafu nani atashona nyavu? Watakula nini? Lakini harusi ilikuwa imekaribia. Siku ya kesi, mkono ulipokwisha kupokea salamu yake na kutaka kushuka kwenda ziwani, Crising akaukamata.

"Leo huendi. Leo unakwenda kumtoa mwenzako."

Ulimponyoka mara mbili, unavyopenda kazi. Mwishowe akautia kwenye kikapu, akaufunika kwa jani la mgomba, na njia nzima ukawa unafungua na kufunga humo ndani. Darajani yule askari kijana akauliza kuna nini kikapuni.

"Mkono wa mume wangu."

"Na kisu?"

"Umekishika."

Askari akainama kutazama. Akafikiri. Kisu hakikuwa kimefichwa, kilikuwa mkononi, kila mtu anakiona. Akawapungia wapite.

Mahakamani Isko alikuwa amesimama kizimbani, amekonda, shati limemning'inia mabegani. Alipouona mkono wake ukitoka kikapuni alitabasamu kidogo.

"Zile nyavu za upande wa mashariki?" akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Zimeisha. Na tundu la banda la kuku limeshazibwa."

"Kimya," akasema karani.

Wakili wa serikali alikuwa mtu wa mjini, nadhifu, mwenye sauti nene. Akakiomba kisu, mkono ukampa. Akasema ataionyesha mahakama jinsi silaha hii inavyoweza kutoka mafichoni na kuua kwa kupepesa jicho. Akaubana mpini usiopaswa kubanwa, akakirusha kama alivyoona vijana wanarusha, na makali yakampitia kwenye dole gumba.

"Mama yangu wee!" akalia, ule unene wa sauti wote umemtoka.

Damu ikatiririka kwenye karatasi. Watu walibaki vitini, wakitafuta leso mifukoni. Mkono ukaruka juu ya meza, ukakiokota kisu, ukakata utepe kwenye pindo la gauni la misa la Crising, ukalifunga lile dole vizuri, mafundo mawili. Ukayafuta makali. Na kwa kuwa sasa ulikuwa mezani na hauwezi kukaa bure, ukachonga penseli za karani, ukakata kamba ya furushi la mafaili lililoshindikana tangu mwaka jana, ukapanda kwa hakimu na kuupunguza uzi uliokuwa ukining'inia kwenye joho lake. Mzee mmoja wa nyuma akapitisha embe bichi mbele, likarudi limemenywa.

"Inatosha," hakimu akasema, lakini kwa upole. Alitazama penseli, akatazama dole la wakili. "Mahakama imejionea. Hiki ni chombo cha kazi."

Crising akamshika paja Ikit, aliyeketi kando yake, akaliminya. Ilikuwa imeisha! Alishaanza kufikiri ampikie nini.

"Mkono huu hauna hatia," hakimu akaendelea. "Uachiwe leo hii, na kisu chake. Lakini kosa lililoandikwa si kukitumia kisu. Ni kukibeba. Na mkono haukukibeba. Tumesoma hapa kwamba kilichokuwa kimekibeba ni kiuno." Akafunua ukurasa. "Kiuno, basi, kitabaki mahabusu mpaka kesi yake itakapotajwa."

"Na vilivyobaki, mheshimiwa?" akauliza Isko.

"Vimeshikana na kiuno," akasema hakimu.

Hakuna aliyebisha, kwani ndivyo ilivyokuwa. Isko akateremshwa kizimbani. Alipopita karibu, mkono ukaruka kutoka mezani ukamshika bega, akautazama, akatikisa kichwa.

"Nenda nao nyumbani," akamwambia mkewe. "Mkono ukinirudia tu utakuwa mfungwa tena. Angalau mmoja wetu ametoka."

Crising alilia njia nzima, analia kwa hasira, na alipopita darajani hakumjibu askari salamu.

Siku ya harusi watu walijaa uani mpaka barabarani. Chini ya bati, juu ya majani ya migomba, mkono ulikuwa ukikata nguruwe tangu alfajiri. Ikit akatoka amevaa gauni jeupe. Akapita katikati ya wageni, akasimama mbele ya meza ya nyama, akangoja.

Mkono ukaacha kukata. Ukasuuza kisu kwenye bakuli, ukakifunga, ukakilaza mezani. Tangu urudi ulikuwa haujakiachia hivyo hata mara moja mbele ya watu. Ukajipangusa kwa kitambaa, juu na chini na kati ya vidole, na ukakaa pale juu ya majani, umetulia. Ikit akainama, akaushika, akauweka kwenye paji la uso wake. Akakaa nao hapo muda mrefu. Kule mahabusu Isko alikuwa ameketi ukutani, na waliokuwa naye wanasema aliinua kile kifundo kitupu na kukiacha hewani, akawaambia paji la mtoto lina moto, asije akawa ana homa.

Halafu Crising akatembea na binti yake mpaka kanisani, yeye upande mmoja, na upande wa pili nafasi ya mtu.

Kapteni Buenaflor alisimamia ndoa vizuri sana. Alitia saini, akatoa hotuba, akalia kidogo. Karamuni wakampa sanduku lake la mahameli. Kisu kile Crising alikichongea mpini na mkono ukakinoa, usiku na mchana wa kazi yao wote wawili. Kapteni akakifungua, akakifunga, akakisifia mlio.

"Hiki sikitundiki, kumare. Hiki nitatembea nacho."

Alipoaga, watu wakamfungia chakula cha kupelekea vijana wake wa darajani, kama desturi ilivyo. Nyama mkono huu, wali mkono ule, na sanduku halina pa kukaa. Akacheka. Akaliacha sanduku mezani, akapandisha shati lake la sherehe, akakichomeka kisu kiunoni.

"Kiunoni, kumpare?" Crising akauliza.

"Sasa nikiweke wapi?" akasema Kapteni. "Si unaona mikono imejaa?"

Watu wakazitazama sahani zao. Mkono ulikuwa umesimama juu ya ubavu wa nguruwe, kisu kimeinuliwa. Gari la Kapteni likaondoka, likasikika darajani likipunguza mwendo, kisha kizuizi kikainuliwa. Crising akaenda akasimama kando ya mkono, akaushikia bakuli. Ukateremsha kisu, ukaendelea kukata, maana wageni wa nyuma walikuwa bado hawajala.