Ndege Isiyo na Mkia

Mama alizoea kuniita "baba", kwa sababu nilirithi jina la baba yake, Kithinji. Hata siku niliyomfokea aliniita hivyo hivyo.

Mwaka wa 1996 nilikuwa mwalimu wa uchoraji wa kiufundi mjini Embu, nikiishi mtaa wa huko huko uitwao Dallas, kichwa kimejaa ndege. Ndege yangu ilikuwa na bawa la pembetatu, pana nyuma, jembamba mbele. Nilipomaliza kuichora nilimtumia Mama nakala kule Mikinduri, nikijivuna kama jogoo. Barua ya maelezo ilikuwa isomwe na dada yangu Nkirote, lakini alikuwa chuoni Nchiru, na Mama hakujua kusoma. Akaifungua bahasha mwenyewe, akaona pembetatu yenye vitone vya ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, akaelewa: mwanangu anataka vitambaa vya viti.

Alifuma miezi mitatu. Nilipofika Agosti, alikuwa ametandika sita migongoni mwa viti, vyeupe pe pe pe, kila kitone na tundu lake. Ningeweza kucheka. Badala yake nilipandwa na hasira, mwalimu mzima.

"Mama, hii ni ndege! Si kitambaa!"

"Ndege?" Akakitazama. "Na mkia uko wapi, baba?"

"Haina mkia! Bawa lenyewe ndilo mkia. Hapa nyuma kuna vipande viwili, kushoto na kulia. Vikiinuka pamoja, pua inapanda. Kimoja kikiinuka na kingine kikishuka, ndege inalala upande. Lakini wewe utaelewa nini?"

"Usikasirike, baba," akasema, akavikusanya vyote.

Niliondoka kesho yake bila kumwomba radhi. Hasira hasara, huwa nawaambia wanafunzi.

Oktoba alianguka shambani akichuma maharagwe, hakuamka tena. Tulipomaliza kumzika, Nkirote alinipa kiondo cha Mama. Ndani mlikuwa na donge la uzi uliojikunjakunja. Vile vitambaa sita alikuwa amevifumua vyote. Juu yake palikuwa na kimoja kipya, sindano ya kufumia ingali ndani. Nyuma ya bawa, upande wa kulia, alikuwa amefuma kipande cha peke yake, kimeshikizwa ukingoni tu. Nilikigusa kwa kidole, kikainuka.

Nililia mbele ya wageni, sikujali.

Kipande cha kushoto hakijaanzwa. Vipimo vyake ninavijua vyote, lakini kufuma sijui.