Ukurasa wa Ngazi ya Rangi

Katika kitengo cha takwimu za maji, ukurasa wa mwongozo haupiti kwa sababu umeandikwa vizuri. Hupita siku ambayo mtu asiyejua lolote anaketi mbele ya kompyuta, anausoma kwa sauti, anafanya unavyosema, na picha inatokea. Mwandishi hukaa nyuma yake, mikono mapajani, mdomo kaufunga. Akikohoa kikohozi cha kuelekeza, amefeli.

Siku hiyo aliyekaa nyuma alikuwa Nukta. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa huweka nukta hata kwenye ujumbe wa simu anaomwandikia kaka yake. Miaka minne alikuwa akiingiza vipimo vya visima kwenye kompyuta, namba baada ya namba, mpaka akawa anaziota. Ndipo mkuu wa kitengo akamwambia aandike namna ya kuweka ngazi ya rangi kwenye ramani zinazoonyesha chumvi ya maji ya kila kisima. Akipita, meza ya miongozo ni yake. Asipopita, atarudi kwenye namba zake.

Ukurasa wa zamani ulikuwa wa Profesa, ambaye si profesa wa chochote. Alibatizwa hivyo kwa sababu ukimuuliza choo kiko wapi, unaweza kuumbuka kabla hajamaliza utangulizi. Wasomaji watatu walikuwa wameushindwa ukurasa wake.

Msomaji wa leo alikuwa Mama Mapokezi, anayekaribisha wageni mlangoni kwa daftari na kalamu. Alivaa miwani, akajiweka sawa kitini.

"'Fungua faili la visima. Kila kisima kitaonekana kama kidoto cha kijivu,'" alisoma. "Eh! Hivi hapa kweli!"

Aliendelea. "'Ngazi ya rangi ni safu ya rangi kutoka hafifu hadi iliyokolea. Chumvi ikiwa kidogo, kidoto kitakuwa njano. Ikizidi, kitakolea hadi damu ya mzee.' Hapo nimeelewa. Kama chai na majani."

Nukta aliuma mdomo asicheke. Sentensi ile aliiandika mara kumi na moja, na sasa ilikuwa ikitembea yenyewe bila kushikwa mkono. Moyo ulimjaa.

Mama Mapokezi alichagua rangi, akabonyeza, na ramani ya mwezi wa mvua ikatokea. Akarudia kwa mwezi wa kiangazi. Ramani mbili zikakaa bega kwa bega, za kupendeza. Alivua miwani.

"Nimemaliza, jamani!"

Mkuu alipiga makofi. "Umepita, Nukta. Hongera."

Lakini Nukta alikuwa anatazama ramani. Kompyuta ukiiachia uamuzi, hutoa rangi nzito kuliko zote kwa namba kubwa ya ramani ile ile. Namba kubwa ya mwezi wa mvua ilikuwa tatu, ya kiangazi tisa, na zote mbili zilikuwa damu ya mzee. Hatua ya kuandika mwenyewe mwisho wa chini na mwisho wa juu wa ngazi, namba zile zile kwa kila ramani, aliiweka. Aliiweka ya tisa, baada ya hatua inayotoa picha. Nani anasoma zaidi akishaona picha?

"Ukurasa wangu umeshindwa," alisema.

Profesa alimvuta kando. "Unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe? Kanuni inasema picha itokee. Imetokea. Nyamaza, dada."

"Imetokea, lakini inadanganya." Akamgeukia mkuu. "Kosa ni langu, si la msomaji. Naomba nusu saa. Nikishindwa tena, narudi kwenye namba."

Mkuu alitazama saa ya ukutani. "Nusu saa," alisema.

Nukta aliichukua hatua ya tisa akaipandisha hadi ya tatu. Chini yake akaongeza: "Usiendelee kabla hujaandika namba hizi mbili. Ukifika kwenye ramani nyingine, andika zile zile." Kisha akarudi kitini, mikono mapajani.

Mama Mapokezi alisoma upya. Alipofika hatua ya tatu alisimama, akaandika sifuri, akaandika kumi, akaendelea. Ramani ya mvua ikatoka njano, imepoa. Ya kiangazi ikatoka imeiva upande mzima wa mashariki. Mama Mapokezi alisogeza kidole kwenye kioo mpaka kwenye kidoto kimoja.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Kila kiangazi tunasema maji yamebadilika, tunajibiwa tumezoea kulalamika. Na ile picha ya kwanza nayo ilisema hivyo hivyo, kwamba mwaka mzima ni sawa tu."

Profesa aliivuta karatasi ya mwongozo, akaisoma juu hadi chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utangulizi.

"Mkuu, naomba nichapiwe zote mbili," Mama Mapokezi alisema. "Jumamosi tuna kikao cha kisima."

"Tutakutafutia mtaalamu wa kwenda kuzieleza," mkuu alisema.

"Wa nini?" Mama Mapokezi alivaa miwani yake tena. "Nitazieleza mwenyewe. Si nimezitengeneza mimi?"

Mkuu alicheka, akamwonyesha Nukta meza ya miongozo, ile ya dirishani. Nukta hakuiona. Alikuwa anamtazama mama yule akisubiri ramani zake mbele ya printa, kifua mbele, na Nukta mwenyewe alikuwa hajawahi kujivunia kazi yake namna ile.