Mizani Hujibu Saa Saba

Jumatatu asubuhi Roseline alikaa kwenye benchi nyuma ya duka la dawa mjini Migori, akafungua daftari lake na kutuma ujumbe wa mia mbili na kumi na mbili. Huo ndio uliokuwa wa mwisho. Namba zote alikuwa amezinakili mwenyewe kwa miezi miwili, kutoka kwenye milango ya maduka na mabango ya bucha, kuanzia Isebania mpakani hadi stendi ya Homa Bay. Mara mbili alifukuzwa akidhaniwa mpelelezi wa kodi.

Ujumbe ulikuwa mmoja kwa wote: "Habari. Mimi ni Roseline, fundi wa mizani mwenye leseni. Nitakagua mizani yako bure mara ya kwanza. Nikikuta iko sawa, naenda zangu."

Kufikia siku hiyo watu watano walikuwa wamejibu. Wawili waliuliza nani aliyempa namba yao. Mmoja alimtumia mstari wa Zaburi kuhusu maadui. Mwenye bucha mmoja alitaka kujua kama ameolewa. Wa tano aliandika, "Umetumwa na nani?" na alipoambiwa hajatumwa na mtu, hakuandika tena.

"Watano kwa mia mbili na kumi na wawili," Roseline alimwambia Maxwell, binamu yake, aliyekuwa akiuza bima kwa njia hiyohiyo kwenye benchi hilohilo. "Ni mbili na kitu kwa mia."

"Mbili ni poa. Mimi niko kwa moja tangu January. Lakini uliharibu uliposema bure. Hapa mtu akisikia bure anashika mfuko."

Roseline hakucheka. Mama yake, Edinah, aliyekuwa akiuza omena, dagaa wakavu wa ziwani, kule Karungu, alikuwa amempa hadi mwisho wa Juni. Akipata wateja kumi, abaki mjini na ufundi wake. Akiwakosa, arudi ufukweni wabebe omena pamoja. Edinah hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, na mgongo wake haukuwa ule wa zamani. Tarehe kumi Juni ilikuwa imepita, na wateja walikuwa sufuri.

Jumanne saa saba mchana, wenye maduka walipokwenda kula na kuacha simu zao kwenye chaji kando ya mizani, mizani zilianza kujibu.

Ya kwanza ilikuwa ya duka la misumari Homa Bay. "Mimi ni mizani ya Stanley," iliandika. "Nimesoma message yako. Napunja gramu themanini kwa kila kilo." Roseline aliandika themanini kwenye daftari, akauliza ni ya mwaka gani. Ya pili ilikuwa ya bucha ya yule aliyeuliza kuhusu ndoa, nayo ilisema mia moja na ishirini, na kwamba mwenyewe ameoa. Saa nane kamili zote zilinyamaza, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamerudi.

Mizani nazo hazikuwa nyepesi kuamini. Nyingi zilitaka kwanza kujua yeye ni nyar kanye, yaani binti wa wapi, swali ambalo huku huulizwa kabla mtu hajapewa kiti. Aliandika kwamba ni nyar Karungu. Ndipo zikaendelea.

Kufikia Ijumaa zilikuwa zimejibu mia moja na tisini.

"Hiyo ni karibu tisini kwa mia," Maxwell alisema, akikagua hesabu mara mbili. Alimtazama binamu yake kwa jicho la pembeni. "Tisini haipatikani. Wewe uliwaahidi nini?"

"Si wao. Ni mizani."

"Aa. Mizani ziko na time," Maxwell alisema, akarudi kwenye simu yake.

Zilibaki ishirini na mbili ambazo hazikujibu. Roseline alizipitia tatu zilizokuwa karibu, akajifanya ananunua sukari na kuipima tena chumbani kwake. Zote tatu zilikuwa sawa. Hazikuwa na la kusema, basi hazikusema.

Ujumbe wa mwisho wa Ijumaa ulitoka Karungu, kwenye simu ya Cephas, dalali aliyekuwa akinunua omena za ufuko wote. "Wewe nakujua," mizani iliandika. "Mama yako nampima kila Alhamisi. Kilo ishirini na tano, mimi nasema ishirini. Ni miaka kumi na tisa sasa." Roseline aliweka simu chini, akanywa maji, akaichukua tena. Ada yake yote ya shule ilipitia kwenye ndoano ya mizani ile.

Alhamisi iliyofuata alikwenda Karungu. Wanawake walikuwa kwenye foleni na magunia yao, lori la Cephas limeegeshwa kando, na mizani ya mshale, yenye uso kama wa saa, ilikuwa ikining'inia kwenye boriti ya banda. Edinah alipofika mbele, Cephas alitundika gunia lake na mshale ukasimama kwenye ishirini.

"Ni ishirini na tano," mizani ilisema kwa sauti ya kawaida. "Mimi nimefanywa niseme ishirini."

"Ishirini," Cephas alisema, akaandika. Kisha akamgeukia Roseline kama mtu anayelalamika kuhusu mvua. "Imeanza hiyo tabia wiki iliyopita. Inaongea ongea tu."

Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Mwanamke wa nyuma alisogeza gunia lake mbele kwa mguu.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Kwani sisi ni viziwi?" Edinah alimvuta kando. "Hiyo tunajua tangu baba yako akiwa hai. Mwaka wa korona tulipeleka malalamiko. Cephas akakaa wiki mbili bila kuleta lori, mvua ikanyeshea omena zote, na ni sisi tulienda kwake kuomba msamaha. Unajua mwingine mwenye lori?"

Roseline hakumjua.

"Na wewe umekuja kufanya nini hapa?" Edinah aliuliza, macho yakiwa madogo. "Kuna kitu unauza?"

Swali hilo lilimuuma Roseline kuliko zile kilo tano, na aliporudi Migori lilikuwa bado linamuuma.

Ijumaa wenye maduka walianza kujibu wenyewe. Stanley alikuwa wa kwanza, tena alipiga simu. "Sista, wewe ndiye wa mizani? Yangu inaongea mbele ya wateja. Unaweza kuifunga mdomo bila kugusa namba?" Kufikia Jumamosi jioni walikuwa wamepiga mia moja na themanini na wanane. Wote walitaka kitu kimoja, na hakuna aliyeuliza nani aliyempa namba yao.

Roseline alimkatalia Stanley. Watatu waliofuata pia aliwakatalia, mmoja kwa maneno makali. Jumapili baada ya kanisa mama yake alipiga simu kumwambia amemnunulia beseni la kubebea omena, kubwa, la bluu, lisilovuja. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliomshinda Roseline. Siku zilikuwa zimebaki nne.

Jumatatu alimpigia Stanley.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alikata raba ya tyubu ya baiskeli vipande vya ukubwa wa shilingi, akaviweka kati ya springi na kifuniko, akakaza skrubu. Namba hazikuguswa. Alipiga mhuri wake, akapewa soda, akaona haya na kuinywa. Jumatatu alifanya nne na Jumanne tano.

Ya kumi ilikuwa ya Cephas, Alhamisi, foleni ikisubiri. Alipanda kigoda akafungua kifuniko.

"Nyar Karungu," mizani ilisema. "Uliandika kwamba ukikuta niko sawa, unaenda zako."

"Niliandika."

"Na ukikuta siko sawa?"

Roseline alikuwa na raba mkononi. Aliupitia ujumbe wake moyoni, neno kwa neno, akatafuta sehemu hiyo. "Hiyo sikuandika," alisema. Akaweka raba, akakaza skrubu nne, akashuka.

Cephas alitundika gunia la Edinah. Mshale ulisimama kwenye ishirini, na banda likawa kimya kiasi kwamba kalamu yake ilisikika kwenye karatasi.

"Hapo sasa," Cephas alisema. "Fundi ni fundi."

Edinah alimtazama binti yake, na mikono yake iliyopakaa mafuta ya springi, kwa muda mrefu zaidi ya kawaida.

"Ni wangapi sasa?"

"Kumi."

"Basi usirudi," mama yake alisema. "Beseni nitampa mtu mwingine." Alitabasamu kidogo, akachukua pesa za kilo ishirini, akazifunga kwenye pindo la leso, akaenda.

Jumatatu, saa saba na robo mchana, Roseline alikuwa peke yake kwenye benchi. Maxwell alikuwa amekwenda Rongo kumwona mtu aliyesema labda atachukua bima. Roseline alitafuta namba ya Karungu akaandika, "Ni Roseline. Uko sawa?" Alisubiri akijua Cephas yuko kwenye ugali wake na simu iko kwenye chaji.

Jibu lilifika baada ya dakika mbili.

"Nani alikupa number yangu?"

Alilisoma mara moja. Kisha akafungua daftari na kuliingiza kwenye safu ya watu waliojibu, si ya mizani.