Kompyuta za Wakwe

Katika duka la Abdilatif pale Majengo, Meru, tulikuwa tunashona sare za shule, na katikati ya chumba palikuwa na pazia la maua. Upande wa mlango alikaa Wambeti, mkataji wetu, mwanamke wa Mbeere mwenye mkasi mkubwa na sauti kubwa kuliko mkasi. Sote tulimwita Mama Regina. Upande wa dirisha alikaa Muturi, fundi mkuu wa cherehani.

Zamani wawili hao walifanya kazi bila pazia, wakitaniana na kunyang'anyana chai. Kisha Muturi akamwoa binti yake, Regina. Kuanzia siku hiyo wakawa wakwe, na kwao mama na mkwewe hawaangaliani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani. Pazia likatundikwa Jumatatu iliyofuata harusi.

Kwa miaka mitatu mimi nilikuwa mdomo wao. Kazi yangu hasa ilikuwa kufagia na kupiga pasi, lakini mchana kutwa nilipita chini ya lile pazia nikibeba maneno.

"Makandi!" Mama Regina angeita. "Mwambie huyo mtu mikono ya mashati inaning'inia kama masikio ya punda."

Ningeinama, nikatokea upande wa pili na kusema, "Fundi, mama anaomba mikono ipunguzwe kidogo. Anasema pole kwa kazi."

Muturi angenguruma. "Mwambie aliyekata kitambaa hiki alikuwa amefumba macho yote mawili."

Ningerudi. "Mama, fundi amepokea. Anauliza kama mkasi wako ungependa kunolewa."

Sikuona kwamba ninadanganya. Maneno yalikuja na mikunjo, nami nikayanyoosha, kama nilivyonyoosha marinda.

Nilichotaka mimi kilikuwa kimoja tu. Kando ya dirisha palikuwa na cherehani iliyoachwa na Gedion, fundi mwenzetu, alipohamia Isiolo. Wenzangu wakienda kula, nilikaa pale nikashona vipande vya mabaki ya kitambaa, kisha nikavificha kwenye mfuko wa mkaa. Kuomba nipewe cherehani hiyo sikuweza. Nikisimama mbele ya Abdilatif, niliona viatu vyake tu.

Mwezi wa Mei mwaka wa tisini na tisa, Abdilatif alikwenda Embu kwenye semina ya wafanyabiashara. Akarudi na kompyuta mbili kuukuu, waya mrefu na maneno mapya.

"Shida ya duka hili ni mawasiliano," alitangaza. "Ujumbe unatembea kwa miguu! Kuanzia leo Mama Regina ataandika hapa, na Muturi asome pale. Huo ndio utamaduni wa kazi wa kisasa."

Kisha akanigeukia. "Makandi, nimeviona vile vipande kwenye mkaa. Mitambo hii ikimaliza wiki bila fujo, sitahitaji miguu yako tena. Utakaa kwenye cherehani ya Gedion. Ikishindwa, unarudi chini ya pazia."

Niliviangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri sana.

Mama Regina hakufurahi. "Na nikimwandikia mkwe wangu, si hiyo ni kumsemesha?"

Ikabidi tumuulize Mzee Nyamu, mshona vifungo, ambaye ndiye aliyejua mila kuliko sote. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa.

"Mila imetaja mdomo," akasema, "na imetaja macho. Vidole sijasikia vikitajwa."

Basi wakaanza. Jumatatu Mama Regina alijifunga kitambaa kichwani kwa heshima, akaanza kutafuta herufi moja moja, akizibonyeza kwa ncha ya chaki. Baada ya robo saa kompyuta ya Muturi ikalia ting.

HABARI MKWE.

Muturi aliruka akasimama, akavua kofia na kutema andazi alilokuwa anatafuna.

"Kaa chini, bwana," Nyamu akamwambia. "Hakuoni."

"Na kama anaona?"

"Kwa waya?"

Muturi alibaki amesimama mpaka alipomaliza kujibu NZURI MAMA. Kila jioni Mama Regina aliifunika kompyuta yake kwa kitambaa cha kufuma, ili isikae wazi mbele ya mkwe. Jumanne wakaulizana hali ya mvua. Nilianza kuhesabu siku, na jioni ile niliipangusa cherehani ya Gedion hadi ikang'aa.

Jumatano tulikuwa na haraka. Shule moja ya Nkubu ilitaka mashati mia moja na ishirini kufikia Ijumaa. Kwa haraka ile, heshima ya Mama Regina ilimponyoka. Chaki ikagonga herufi kama mvua juu ya mabati. Ting.

HII MIKONO KAMA MASIKIO YA PUNDA. NANI ALIKUFUNDISHA KAZI?

Muturi alisoma, akafuta kioo kwa shati, akasoma tena. "Makandi, njoo. Hiki chombo kimeharibika. Mama hajawahi kuongea hivi."

Nilijifanya natafuta ufagio.

"Makandi?"

"Ndivyo anavyoongea, fundi," nikasema. "Ila hayo hayajapigwa pasi."

Akageukia kibodi. Nilimshika mkono, akaandika kwa ule mwingine. Upande wa pili ikasikika ting, kisha mkasi ukaanguka sakafuni.

"Mimi nimefumba macho?" sauti ya Mama Regina ikatikisa pazia. "Mimi, niliyekata nguo ya harusi yake?"

Alitoka akakaa barazani, mgongo kwa duka. Muturi alitokea mlango wa nyuma akakaa karibu na choo. Cherehani zote zikasimama. Abdilatif alipofika alikuta mashati arobaini tu yana mikono.

"Wametukanana," Mzee Nyamu alimweleza. "Mtu na mama mkwe wake. Hapo ni lazima mbuzi wa upatanisho, bosi. La sivyo hawawezi kukaa chini ya paa moja."

"Muturi atoe mbuzi, turudi kazini!"

"Mimi sikufungua mdomo," Muturi akaita kutoka nyuma.

"Hata mimi sikufungua!" Mama Regina akajibu kutoka mbele.

"Basi ni nani aliyesema?" Abdilatif akauliza.

Sote tukaiangalia kompyuta.

"Na hiyo ni ya nani?" Nyamu akauliza kwa upole.

Abdilatif aliipangusa vumbi ile kompyuta. "Kule semina," akasema hatimaye, "hawakutaja mbuzi hata mara moja."

"Na awe mnono," Nyamu akaongeza.

Abdilatif alishika kiuno. "Sawa. Mbuzi nitatoa, na atachinjwa kwa Kisilamu hapa kwa jirani. Lakini mitambo hii inaondoka leo. Makandi, rudi kwenye pazia lako. Wewe ulikuwa unafanya vizuri."

Niliviangalia viatu vyake, halafu nikaiangalia cherehani iliyong'aa pale dirishani.

"Sirudi," nikasema.

Hakuna aliyekuwa amesikia sauti yangu ikifika mbali vile. Hata mimi nilishtuka.

"Sikuwa nafanya vizuri. Nilikuwa nayabadilisha. Mama Regina akitukana, mimi napeleka pole. Fundi akitukana, mimi napeleka salamu. Miaka mitatu! Nimechoka kuwatungia maneno. Mimi nataka kushona kola."

Mama Regina alisogea hadi mlangoni. "Ngoja. Zile shukrani za Krismasi, mkwe aliposema hajapata kuona mkataji kama mama?"

"Alisema hajapata kuona mkataji. Hapo ndipo alipoishia."

Muturi alichungulia kutoka nyuma, uso ameugeuzia ukutani. "Na nilipolazwa Nkubu? Mama alisema ananiombea kila asubuhi."

"Alisema unajifanya, fundi."

"Na yale mayai aliyonitumia hospitalini?"

"Mayai yalikuwa yangu."

Mama Regina ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha tumboni, akashikilia nguzo ya mlango. Kule nyuma Muturi akaanza kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, naye akateleza ukutani hadi chini. Walicheka bila kuangaliana, mmoja akinyamaza mwingine anamwasha upya.

Mbuzi aliliwa Alhamisi mchana, wanawake barazani, wanaume uani. Mzee Nyamu alitafuna mbavu, akatoa uamuzi: kwa kuwa mbuzi ameliwa, wakwe wanaweza kusemezana, mambo ya kazi tu, pazia likiwepo. Abdilatif aliuliza kama sasa anaweza kurudi kwenye semina akawaeleza wenzake. Nyamu akamwambia abebe na mifupa kama ushahidi.

Mchana huohuo nilikaa kwenye cherehani ya Gedion. Hakuna aliyenipa ruhusa wala aliyeniondoa. Muturi alinisukumia kola thelathini, na uzi ukakataa kuingia kwenye sindano mara nne.

Kola ya kwanza nilimpelekea Mama Regina aikague, nikarudi kukaa. Nilisikia akiigeuza geuza.

"Mkwe!" akaita. "Nani ameshona hii?"

"Ni Makandi, mama."

"Makandi, unanisikia? Ncha moja inatazama mji wa Maua na nyingine inatazama Embu. Mtoto wa watu atavaa hii aende nayo wapi?"

Masikio yaliniwaka moto. Hakuna aliyeyanyoosha maneno yale njiani; yalinifikia na mikunjo yake yote. Muturi alikuwa amejiinamia, mabega yakimtikisika.

"Irushe, mama," nikasema kwa sauti.

Kola ikapita juu ya pazia. Niliidaka, nikachukua wembe na kuanza kuifumua.