Cheche Asema Inauma

Cheche aliamka wodini na hamu kama mtoto aliyeahidiwa viatu vipya. Leo anasimama. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaanguka kutoka kwenye kenchi za paa akavunjika paja, na madaktari wakamtia chuma ndani ya mfupa. Akawatania kwamba wangemwachia yeye, kiungo kingenyooka zaidi. Daktari hakucheka sana. Alimwambia goti lisipoanza kukunjwa sasa litakakamaa, na fundi mwenye goti kama nondo hapandi ngazi tena.

Tatizo ni kwamba mguu ulikuwa unawaka moto, na kila nesi alipouliza, Cheche alijibu, "Safi."

Jibu hilo alijifunza kwenye foleni ya kliniki. Zamani alivuta unga. Aliacha, na tangu hapo kila asubuhi hunywa kikombe chake cha methadoni, dawa ya walioacha unga, kwenye dirisha la kliniki. Pale dirishani hakuna anayeumwa. Ukisema jino linakusumbua, wenzako wanacheka kwamba unatafuta nyongeza ya dozi. Kwa hiyo foleni nzima ina afya ya chuma, hata mwenye jipu.

Na kando ya kitanda alikaa dada yake mkubwa, mkoba mapajani, macho kama askari wa lango. Ndiye aliyemtoa mitaroni enzi zile, na ndiye aliyewaambia manesi ndugu yake asipewe kitu kikali, panadoli inamtosha.

Mtu wa mazoezi ya viungo akaja na magongo. Cheche akashusha miguu, akajisukuma juu kwa shauku yote, ukuta ukawa mweusi. Alipozinduka alikuwa chali, shuka limelowa jasho. Akaulizwa anajisikiaje. Akasema safi, meno yakigongana. Mtu wa mazoezi akaegesha magongo ukutani, akaenda kumwita daktari wa maumivu.

Daktari huyo alikuwa mama mmoja mpana, mwenye sauti ya kuuzia nyanya. Alikaa papo hapo kitandani. Akaeleza kwamba kile kikombe cha kila asubuhi kinazuia arosto tu, yale mateso ya kukosa unga; mguu uliovunjika hakiufikii. Kikombe kitaendelea kuletwa hapa kitandani, na juu yake atampa mofini, dawa kali ya maumivu, kwa saa maalumu, bila kuomba wala kubembeleza. Kipimo kitazidi cha jirani yake wa kitanda kwa kuwa mwili wake umezoea dawa za aina hii, kisha kitapunguzwa mpaka kiishe.

Dada akasimama. "Daktari, mimi namlinda huyu na nafsi yake."

"Basi tumlinde sote, dada yangu. Maumivu haya ndiyo yatakayomtoa hapa akajitafutie unga mwenyewe mtaani." Akamgeukia Cheche. "Lakini mtu anayejibu 'safi' simpi dawa. Sema kweli."

Cheche akamtazama dada yake.

"Inauma," akasema. "Dada, inauma mpaka naona aibu."

Dada alimwinamia. "Mjinga wewe," akasema. "Siku zote hizi ulikuwa unamficha nani?" Akavuta kiti chake pembeni, nesi apite na dawa.

Cheche alimeza, akajilaza, akasubiri kwa hofu. Alikuwa akiungoja ule utamu wa zamani, ule uliomla ujana. Alijipekua mwili mzima. Hakuuona. Alichoona ni mguu ukinyamaza polepole, kama karakana umeme ukikatika. Akaanza kucheka peke yake, dada akamkazia macho kwa wasiwasi.

"Umelewa?"

"Sijalewa. Mguu umefunga mdomo. Nileteeni magongo."

Safari hii ukuta ulibaki mweupe. Akasimama. Akasogeza gongo, akasogeza mguu, na dada akatembea kinyumenyume mbele yake, mikono wazi, akigombana na kila kitanda kilichokaa njiani. Wagonjwa wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama fundi anachukua kazi za mageti. Akafika mlangoni, akaomba na korido, akapewa korido, akarudi anahema kama farasi.

Mtu wa mazoezi akamketisha ukingoni mwa kitanda, akamwambia akunje goti. Lilikuwa zito, likauma kidogo, maumivu ya kuvumilika. Likakunjika.

Dada aliinama kulitazama karibu, kama anayekagua samani dukani.

"Hebu tena," akaamuru, akijifuta macho kwa kiganja.

Likakunjika tena.