Klika ya Shemeji Fabiano

Namba zilikuwa nyeusi kama siafu kwenye ukuta mweupe, lakini shemeji yangu Fabiano aliniambia zimefutika.

Tulikuwa tumetoka ibadani Dabani, watu wamesimama wanasalimiana. Alinivuta pembeni akatoa mfukoni klika yake, kile kidude cha kuhesabia ambacho refa wa besiboli hukishika mkononi mchezo mzima. Kina magurudumu matatu madogo ya kuzungusha kwa kidole gumba. La kwanza ni la bol, yaani mirusho mibaya. La pili ni la straiki, mirusho mizuri. La tatu ni la wachezaji waliotolewa. Bol zikifika nne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Straiki zikifika tatu, ametoka. Refa akipoteza hesabu, mchezo umeharibika.

"Mama Patience, wewe nakwenda ng'ambo Jumanne kuuza samaki," aliniambia. "Nitafutie ingine. Hii namba yake imefutika."

Niliichukua nikaiangalia. Bol mbili, straiki moja. Hata mtoto aliyesimama hatua tano angezisoma.

"Kweli, shemeji," nikasema. "Zimefutika."

Fabiano ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu Arnold, na ndiye katekista wetu, anayetuongoza sala Jumapili ambazo padri hafiki. Mimi hukaa benchi la mbele, na mwezi mzima nilikuwa nimemwangalia. Jumapili mbili kabla ya hiyo alikuwa ametusomea injili ya mpanzi, neno kwa neno, bila kukosea, na kitabu mbele yake kilikuwa wazi kwenye Zaburi. Nilimshukuru Mungu kwa kichwa cha shemeji yangu. Kuhusu macho yake nikanyamaza.

Arnold alipokufa, watu wa ukoo walikuja kupima shamba langu hata matanga hayajaisha. Fabiano aling'oa vigingi vyao kimoja kimoja akavitupa barabarani. "Shamba ya Arnold ni ya watoto wa Arnold," alisema, akaenda kunywa chai. Ni miaka kumi na mmoja sasa, na hajanikumbusha hata siku moja. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba haoni? Na kwetu kaka wa mume ni mtu wa heshima, udhaifu wa mwili wake hauutaji mdomoni mwako. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Leo naona nilikuwa natafuta pa kujificha.

Besiboli ililetwa kwetu na walimu, na Fabiano alijifunza sheria zake kama alivyojifunza katekisimu. Shule za Dabani na Sikuda zilimtaka yeye tu, kwa sababu hapendelei. Aliwahi kumtoa mjukuu wake mwenyewe kwa straiki tatu. Mtoto akaanza kulia. "Lia," akamwambia, "ila ukalilie benchi, mwenzako anapiga sasa."

Jumanne nilivuka mpaka, nikamaliza beseni langu la samaki mapema, nikaenda kwa Benard, anayeuza vifaa vya michezo vya mitumba upande wa Kenya.

"Mathe, umeachana na samaki umeingia michezo?"

"Nataka klika. Ya shemeji yangu, ni refa."

Alichakura gunia, akaniwekea tatu juu ya meza. Moja ilikuwa nyeupe, ya plastiki, namba zake kubwa kama kucha ya kidole gumba. "Hii hata nyanya yangu anaisoma bila miwani," akasema. Ya pili ilikuwa ya chuma, nzito na imara, namba zake ndogo. Ya tatu ilikuwa nyeusi, na hiyo kila gurudumu lilikuwa na meno yake. La kwanza lilikuwa na meno makali, la pili laini, la tatu mapana. Ukizungusha, kila namba inagonga kidole kabla ya kusimama, na kwenye sifuri inakaza.

Nilifumba macho nikaizungusha. Moja, mbili, tatu. Hesabu ilikuja yenyewe kwenye kidole kama punje za rozari.

Benard akacheka. "Sasa mbona unafumba macho? Ama huyo refa wenu ni kipofu?"

"Anaona," nikasema. "Anaona kukushinda."

"Sawa basi, mathe. Usinipige na beseni."

Hapo ndipo nilipochagua, na nataka nieleze vizuri. Ile nyeupe ndiyo iliyokuwa ya haki. Angeishika, angeisogeza mpaka puani, na bado asingeona. Siku hiyo hiyo yeye mwenyewe angekubali, angewaambia walimu amezeeka, na wangempa kiti na soda na makofi. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale mezani. Nikachukua nyeusi.

Alijifunza kwa alasiri moja, tukiwa barazani kwangu. Mimi nataja, yeye anazungusha mkono ukiwa nyuma ya mgongo, halafu ananiambia hesabu.

"Mama Patience, hii wametengenezea mimi," alisema, na alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tumzike mke wake. "Sasa hata sina haja ya kuangalia chini."

Mirusho yenyewe aliiamua kwa masikio. Mpira ukiingia sawa kwenye glavu ya mdakaji una mlio wake, na ukienda kombo una mlio mwingine. Watoto wa kwetu aliwafundisha mwenyewe, aliwajua hata wanavyohema. Alikosea mara chache, na hizo chache nani angembishia? Walimu walikuwa wakimuuliza kwa ghafla, "Mzee, ngapi?" Naye, mkono mfukoni, anajibu, "Bol mbili, straiki moja, mmoja ametoka." Wanakagua kwenye karatasi zao, wanakuta ni sawa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Sifa zikafika Tororo. Opendi, mwalimu wa timu yao ya wasichana, akaja mwenyewe mpaka barazani kwangu kumwomba Fabiano achezeshe fainali kati yao na Busia, timu ya kwetu, kwenye uwanja wa shule moja kule Rubongi. "Sisi nataka yule mzee hakosei," alisema. "Awe wa Busia, si neno. Namwamini." Fabiano akanitazama, au niseme aligeuza uso upande niliokuwa nimekaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimuuliza Opendi kama anaongeza sukari.

Kule Rubongi niliposikia ngoma, nikakumbuka masikio yake. Watu wa Tororo walikuja na ngoma nne, filimbi, na vijana wanaogonga mabati. Sisi kwetu hushangilia kwa midomo. Nilimwona Fabiano akiinamisha kichwa nyuma ya mdakaji, akigeuza sikio huku na huku kama mtu anayetafuta redio.

Alijikaza. Alikosea kwa timu zote mbili, na kwa kuwa kila upande ulilalamika, ilionekana kama haki. Ikafika zamu ya mwisho. Busia nne, Tororo tatu. Wapigaji wawili wa Tororo wameshatolewa, lakini vituo vyote vitatu vina watu wao. Akaingia Joanita, msichana mrefu, mpigaji wao bora. Bol zikafika tatu, straiki mbili. Bol moja zaidi na angetembea bure, wa kituo cha tatu angeingia nyumbani, kwenye kibao cha mpigaji, na kupata pointi, na wangekuwa wamesawazisha.

Mrushaji wetu alirusha vibaya. Mpira ulidunda chini kabla ya kufika, vumbi likaruka kama kuku anaoga, na mdakaji wetu Teopista akauzoa kutoka ardhini. Joanita hakupiga. Alishaweka gongo chini, anaanza kutembea. Ngoma zilikuwa zimepanda.

Fabiano aligeuza sikio upande wa mdakaji. Kisha akainua mkono wa kulia.

"Straiki tatu. Ametoka."

Ngoma zikanyamaza zote kwa pamoja. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba amekosea.

"Refa amekula samaki!" mtu akapaza sauti nyuma yangu. Wakacheka, kicheko kibaya.

"Samaki gani? Amekula beseni nzima."

"Si shemeji yake ndiye huyu hapa, muuza samaki? Mama, ulimpikia ngapi?"

Joanita alimwendea Fabiano. Hakuwa na fujo. "Mzee," akamuuliza, "huo mpira umeuona?"

"Nimesema straiki."

Msichana alimwangalia usoni kwa muda mrefu. Alikuwa karibu sana na jambo lenyewe. Ilinipasa kuinuka tu, niseme, mwanangu, haoni, hakupendelea mtu. Watu wangeshangaa, wangemhurumia, wangerudia ule mrusho. Niliinuka. Nikafunga leso yangu vizuri, nikakaa.

Wiki ya pili kamati ya mchezo ilimwandikia barua. Akaniletea, akisema maandishi ni madogo. Nilisoma darasa la saba, barua nasoma vizuri, na nilitamani siku hiyo ningekuwa sijui hata a. Ilisema asichezeshe tena mchezo wowote, kwa sababu ya upendeleo wa wazi.

"Soma tena hapo."

"Upendeleo wa wazi."

"Mimi?"

Nikamrudishia. Alikunja barua mara nne, akaipapasa pembe zake. "Wangesema nimezeeka, ningesema asante," akasema. "Wangesema..." Akaitia mfukoni. Jumapili hiyo na zilizofuata alimwachia msaidizi wake, Mzee Emojong, kitabu, yeye akakaa nyuma karibu na mlango. Watu wakanong'ona kwamba dhamiri inamsuta.

Nilimwomba Mungu anipe mdomo, kisha nikaona haya, maana mdomo alikuwa amenipa siku nyingi. Nikafunga safari mpaka Rubongi. Opendi ana duka dogo la daftari na soda. Alinipa kiti, akanifungulia chupa kabla hata sijaomba.

"Shemeji yangu haoni," nikamwambia. "Hakuiba mchezo wenu. Mpira ule hakuuona."

Alifuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu. "Mama, mimi nilisimama karibu na yeye. Nilimuuliza hesabu mara kumi, kumi na tano. Zote alijibu sawa. Hata klika hakuangalia. Kipofu nafanya hivyo?"

"Klika ile ni ya kupapasa. Inahesabika kwa kidole."

"Nani alimpa?"

"Mimi. Nilimchagulia mimi."

"Kwa nini ulichagua ya kupapasa?"

Nilishika ile soda kwa mikono miwili. "Kwa sababu nilijua."

"Ulijua," akasema. "Mimi nikakaa kwako, nikakunywa chai yako, nikakuambia namwamini huyu mzee. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na siku ile uwanjani?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Sikiza, mama. Nikiwapelekea kamati maneno haya, wataniuliza swali moja tu. Mtu hana macho, hesabu yake haikosi hata mara moja, na kosa lake kubwa linaangukia mrusho ule wa kutoa ushindi kwa watu wa kwao? Na shahidi ni nani? Shemeji yake. Alikuwa uwanjani, alinyamaza, amekumbuka baada ya barua." Akasukuma mlango wa friji ukajifunga. "Hata mimi, nakuheshimu, lakini sijui kama nakuamini."

Ningekuwa nimechukua ile nyeupe, hata angeng'ang'ania kuchezesha, hesabu ingempotea mbele ya watu wote, na makosa yake yangejieleza yenyewe.

Nilirudi jua bado liko juu. Fabiano alikuwa uani kwake, anachambua maharage kwenye ungo, anayajua mabovu kwa vidole.

"Nimetoka Rubongi, shemeji."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia Opendi kwamba huoni."

Vidole vikasimama. Kuku mmoja akaja akadonoa ungoni, na hakumfukuza.

"Amesemaje?"

"Hakuniamini."

"Mm." Akarudi kwenye maharage, kisha akayaacha tena. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya klika."

"Na mimi nilidhani nakuficha," akasema. "Kumbe tulikuwa wawili, kila mtu anamfunika mwenzake, na mvua inatupiga wote."

Nilingoja anigombeze. Ningepiga magoti pale kwenye maganda ya maharage na kumshukuru. Hakunigombeza.

"Ule wa mwisho," akauliza, "ulipita wapi?"

"Haukupita, shemeji. Ulidunda chini."

"Karibu na kibao?"

"Hatua nzima kabla. Vumbi liliruka."

Alivuta pumzi kama mtu aliyeingia maji ya baridi. "Mtoto wa watu," akasema. "Na alikuja akaniuliza kwa adabu." Kisha akauliza, "Ule wa kabla ya huo, niliouita bol?"

"Ulikuwa bol kweli. Ulikwenda nje."

"Na kabla ya huo?"

Nikamwambia. Tulirudi nyuma hivyo, mrusho baada ya mrusho, mpigaji baada ya mpigaji, na nilikumbuka karibu yote, maana siku ile kazi yangu ilikuwa kuangalia tu. Palipokuwa pabaya nilisema pabaya. Mengi yalikuwa mabaya. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, polepole.

"Straiki ya kwanza ya yule Joanita?"

"Hiyo ilikuwa sawa. Katikati kabisa."

"Usinihurumie, Mama Patience."

"Ilikuwa sawa, shemeji."

Aligeuza uso upande wangu, akautafuta wangu, akakosea kidogo, akawa anautazama mlango. Nikaona hajui kama aniamini.